Namna Themanini na Nne za Kuondoka

Mama mkwe wangu alikuwa haoni, lakini kijijini aliandikishwa kama mwenye nyumba. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kutoka mashamba ya zamani upande wa Misima, mwandikishaji alipita uwanja kwa uwanja akiuliza nani anaishi na nani. Kwa Wazigua, ambako nimeolewa, mwanamke mtu mzima aliyezaa na kuozesha ana nyumba yake na mafiga yake. Hata kama nyumba hiyo ni chumba kimoja ambacho paa lake linagusana na la mwanawe, hata kama anatekewa maji na kukatiwa kuni, mtu mwenye adabu hasemi, "Huyu anakaa kwa mwanawe." Kusema hivyo ni kumwita mzigo. Kwa hiyo mume wangu alipoulizwa aliinyooshea mkono nyumba yetu akasema, "Hapa kwangu," kisha akainyooshea ya pili akasema, "Pale kwa mama." Mwandikishaji akaandika nyumba mbili. Sote tuliona mambo yamekwenda vizuri, na mama mkwe, aliyekuwa amekaa kizingitini akisikiliza, aliitikia kwa kichwa.

Mtu wa kabila jingine angesema nyumba moja, na haya ninayoyaandika yasingetokea.

Mimi sikukulia katika desturi hiyo. Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Baba alikuwa manamba, yaani mmoja wa wale walioletwa kutoka mbali kwa mkataba, kila mtu na namba yake. Alfajiri waliitwa kwa namba, na jioni mizigo ya majani waliyokata ilihesabiwa kwa namba hizohizo. Niliijua namba ya baba kabla sijalijua jina la babu. Kwetu kuhesabiwa ndiko kulikokuwa kuwapo: ambaye hakuhesabiwa asubuhi hakuwa na posho.

Nilipofika Handeni kwa mume nilikuta kinyume chake. Mama mkwe hakuruhusu mtu ahesabiwe kwa kidole, hata kwa mchezo. Ukimuuliza ana watoto wangapi alisema, "Wapo, Mungu amenisitiri," na ukirudia swali aligeuza uso. Vitu vilihesabika, watu hawakuhesabika. Nilijifunza kuheshimu hilo, ingawa kichwa changu kilikuwa kimeshazoea kazi nyingine.

Uhuru ulinikuta darasani, na masomo yangu yaliishia darasa la nne. Yaliyobaki niliyaokota mwenyewe. Duka moja la Chanika, pale mjini Handeni, lilikuwa likifungia chumvi na majani ya chai kwa kurasa za kitabu cha hesabu cha sekondari. Siku moja nilifungua chumvi yangu nikakuta ukurasa umejaa alama nisizozijua, nikarudi dukani na mayai, nikabadilishana nayo sehemu ya kitabu iliyokuwa bado haijachanwa. Kilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini tarakimu hazina kabila. Sura moja ilihusu namna za kuchagua watu kutoka katika kundi. Mfano wake ulikuwa timu ya mchezo ambao sikuwa nimewahi kuuona ukichezwa. Nilichukua msimu mzima wa palizi kuielewa sura hiyo, nikiisoma adhuhuri wakati wengine wamelala kivulini. Baadaye nilipokuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima pale kijijini sikuwahi kuitumia. Watu walitaka kujua kusoma mizani na kuandika majina yao, nami niliwafundisha hayo.

Kisha mvua zikakosa, na mwaka uliofuata zikakosa tena. Lambo letu lilishuka mpaka ng'ombe wakawa wanakanyaga tope mahali ambapo zamani watoto waliogelea. Kijiji kilikuwa kimekusanya watu wengi kuliko maji yake. Mtumishi wa tarafa alikuja akaitisha mkutano, akasema kwa upole, kwa maana alikuwa mtu mpole, kwamba kitafunguliwa kijiji kipya upande wa Kwaluguru, na kila nyumba kumi zitatoa nyumba tatu. Balozi, kiongozi wetu wa nyumba kumi, angebaki kwa sababu ya kazi yake.

"Sawa," sauti moja ya mwanamke ilisema kutoka nyuma. "Balozi abaki kuwaongoza kuku."

Watu walicheka, na balozi pia akacheka, ila kidogo. Zilibaki nyumba tisa za kuchaguliwa. Ili pasiwe na upendeleo, kila nyumba ingetoa punje ya mahindi kutoka kwenye chungu kilichofunikwa. Punje sita zingekuwa nyeupe, tatu nyekundu. Mwenye nyekundu angehama. Huko kulikuwa na nyasi na ahadi ya kisima. Lori lingekuja mara moja tu.

Mtumishi alieleza jambo jingine pia, na hilo ndilo lililoninyima raha. Chakula cha msaada kilikuwa kikigawiwa kwa nyumba, kila nyumba pale ilipoandikwa. Nyumba iliyobaki ingepata fungu lake hapa, iliyohama ingelipata kule. Mtu aliyeamua tu kumfuata ndugu yake asingekuwa na fungu kule, na kiwanja chake hapa kingepewa mwingine.

Kwa majirani swali lilikuwa moja, kuondoka au kubaki. Kwetu swali lilikuwa jingine. Mume wangu alikuwa Korogwe kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, na tulimwona mwisho wa mwezi, kama aliruhusiwa. Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alipika mwenyewe, alifagia mwenyewe, alipukuchua mahindi haraka kuliko mimi. Lakini hakuweza kufika lambo, na hakuweza kutofautisha kamba na nyoka. Mkono uliompeleka chooni asubuhi ulikuwa wangu. Nikitoa nyekundu na yeye nyeupe, au kinyume chake, kati yetu kungekuwa na mwendo wa kutoka asubuhi mpaka jua limeanza kushuka.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye mkeka uwanjani na mbegu za aina tisa. Kila nyumba niliipa aina yake. Mama mkwe alitoka akipapasa ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unachambua nini? Nasikia punje."

"Sichambui, mama. Nahesabu namna nyumba tatu zinavyoweza kutoka katika tisa."

"Nyumba, si watu?"

"Nyumba, mama."

"Haya, endelea." Akakaa, akanyoosha kiganja. "Mimi ni ipi?"

Nikamwekea mbegu ya boga. Akaigeuzageuza. "Na wewe?"

"Karanga."

"Yule jirani yetu mwenye mdomo?"

"Njugu mawe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo umempatia. Hata ukimchemsha kutwa haivi."

Jirani huyo ndiye aliyesema habari ya balozi na kuku. Koo zao zilitaniana, na wale wawili walikuwa hawapitishi siku bila kutukanana kwa furaha. Alikuwa na watoto wengi, wa mwisho akiwa bado mgongoni.

Nilimweleza mama mkwe polepole, nikimpa mbegu mkononi. Nyumba ya kwanza kutajwa yaweza kuwa yoyote kati ya tisa. Ya pili, yoyote kati ya nane zilizobaki. Ya tatu, yoyote kati ya saba. Tisa mara nane mara saba ni mia tano na nne. Lakini boga, karanga na kunde ni nyumba zilezile hata ukizitaja kunde kwanza na boga mwisho. Lori halijali nani alitajwa mbele. Nyumba tatu zozote zaweza kutajwa kwa mfuatano wa aina sita, kwa hiyo kila kundi nilikuwa nimelihesabu mara sita. Mia tano na nne kwa sita ni themanini na nne. Hizo ndizo namna zote za kuondoka.

"Nyingi," alisema.

"Sasa tuzigawe. Namna ambazo wewe na mimi tumo sote ni saba tu, kwa sababu nafasi inayobaki ni moja na nyumba nyingine ni saba. Namna ambazo hatumo sote, yaani nyumba zote tatu zinatoka katika zile saba, ni thelathini na tano."

"Hizo ndizo ninazozitaka."

"Hata mimi. Zinazobaki ni arobaini na mbili. Humo mmoja wetu anakwenda na mwingine anabaki."

Kidole chake kilisugua ile mbegu ya boga. "Arobaini na mbili katika themanini na nne. Hiyo ni nusu."

"Nusu kamili, mama."

"Kabla hujahesabu nilikuwa sijui. Sasa umehesabu, na bado sijui."

"Sasa tunajua hofu yetu ina ukubwa gani."

Alitoa ugoro wake, akanusa, akapiga chafya. "Ndicho mnachofundishana kisomoni hicho?" Kisha akainuka akaingia ndani kwake. Aliondoka na ile mbegu ya boga, nami sikumdai.

Balozi aliniita kesho yake. Alikuwa mtu mwema, aliyependa mambo yaishe bila kelele. Alisema amewaza sana habari ya mama yetu.

"Nimepata njia," alisema. "Nyinyi wawili mtatangulia. Mtatoa punje mbili pamoja. Zikiwa rangi moja, basi, Mungu amepanga. Zikitofautiana mnazirudisha chunguni mnatoa tena, mpaka zilingane. Nani atakataa? Yule hana macho."

Nilimshukuru nikainama. Nilirudi nyumbani nikiona njia nyepesi, na nilitwanga mihogo ya jioni nikiimba. Lakini akili yangu haijui kuacha kitu kabla haijakifikisha mwisho. Nilipokuwa nachekecha unga nilianza kuihesabu njia ya balozi, kwa sababu tu ilikuwa hesabu nzuri.

Zile namna arobaini na mbili za kututenganisha zingefutwa. Zingebaki arobaini na mbili nyingine: saba ambazo tunakwenda wote, thelathini na tano ambazo tunabaki wote. Kwa hiyo sisi tungehama kwa namna saba katika arobaini na mbili. Kwa chungu cha kawaida, kila nyumba ilikuwa na theluthi, yaani kumi na nne katika arobaini na mbili. Kwa wema wa balozi hatari yetu ya kuhama ingekatwa nusu.

Niliacha chekeche. Nyumba tatu zilikuwa lazima zihame, ziwe zipi ziwe. Kama sisi tumepungukiwa, kuna aliyeongezewa. Nikamchukua jirani, njugu mawe, nikamhesabia yeye. Sisi tukienda, yeye ni wa tatu kwa namna moja. Sisi tukibaki, yeye anakwenda pamoja na wengine wawili kati ya sita, na wawili kati ya sita ni namna kumi na tano. Jumla kumi na sita. Kutoka kumi na nne angepanda mpaka kumi na sita, na kila nyumba katika zile saba hivyohivyo. Nyumba zetu mbili zilipunguziwa saba kila moja, kumi na nne kwa pamoja, na kumi na nne hizo ziligawanywa kwa nyumba saba, mbilimbili. Hakuna kilichopotea njiani. Kilikuwa kimehamia tu kwenye migongo ya watu waliokuwa hawajui kwamba wamebebeshwa.

Mbili katika arobaini na mbili si kitu kikubwa. Nilijiambia hivyo. Ningeweza kunyamaza, na pasingekuwa na mtu pale kijijini wa kuniuliza. Lakini kesho yake nilikwenda kwa balozi.

Jirani alikuwa pale uwanjani, amekuja kuazima ungo, mtoto mgongoni. Sikusubiri aondoke. Nilieleza yote, nikitumia vijiti ardhini. Balozi alisikiliza akishika kidevu.

"Mbili," jirani alisema nilipomaliza. "Hizo mbili zangu zinatoka wapi?"

"Zinatoka kwetu."

"Kwa hiyo, balozi, ulitaka kunivisha mama mkwe wa mtu usingizini?"

"Sikujua, mama. Wallahi sikujua. Nani angejua?" Balozi alinigeukia. "Na wewe, mwanangu, umekuja kusema kwa nini?"

Jirani hakuniacha nijibu. "Huyu ni mtoto wa manamba. Hawa hata uji hawanywi kabla hawajauhesabu." Alikuwa amekasirika, na hakuwa akitania kama siku zote. "Sasa nami nina hesabu yangu, ya kwetu huku. Kama hamtaki kutengana, nendeni nyote wawili. Sisi tulio saba tutagombea moja iliyobaki."

Hilo nalo lilikuwa sawa kihesabu, na lingemfaa kila mtu isipokuwa sisi. Nilikuwa na mihogo iliyokomaa, shamba zima, na ndiyo tuliyokuwa tunaitegemea. Kule kulikuwa na nyasi.

"Nyumba yangu naweza kuitoa," nilisema. "Ile ya pili si yangu kuitoa. Ina mwenyewe."

"Basi kamuulize mwenyewe," alisema, akachukua ungo akaenda zake.

Balozi alitazama vijiti vyangu pale chini. "Hesabu zako zitakupeleka porini, mwanangu," alisema, na katika sauti yake hapakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, nami nikawa nayo.

Nilipomsimulia mama mkwe alikuwa akipukuchua mahindi ya mbegu. Hakuacha kazi yake. Nilimwambia njia ya balozi, nilimwambia kosa lake, nilimwambia maneno ya jirani. Nilimaliza kwa kumuuliza anasemaje.

"Nani amewaambieni mnipange kama mafiga?" alisema. "Huyu ananisogeza huku, yule ananisogeza kule. Mimi niliandikwa. Nitatia mkono wangu chunguni kama watu."

"Tukitengana, mama?"

"Umesema mwenyewe ni nusu."

Akavuta hindi jingine akaendelea kupukuchua.

Siku ya punje ilikuwa asubuhi yenye upepo wa vumbi. Mtumishi wa tarafa alileta chungu, akahesabu punje mbele ya watu wote, sita nyeupe na tatu nyekundu, akakifunika kwa kanga. Hapo hapo watu wakaanza kusukumana. Wengine walitaka kuwa wa kwanza, kwamba nyeupe bado ni nyingi. Wengine walitaka kuwa wa mwisho, kwamba nyekundu zitakuwa zimeshakwisha. Nilijua kwamba kabla ya mkono wa kwanza kuingia nafasi zote zina uzito uleule, lakini nilikuwa nimeshasema ya kutosha wiki ile. Balozi aliamua kuanzia mwisho wa mstari wa nyumba, na mwisho wa mstari tulikuwa sisi.

Nilitangulia. Punje zilikuwa baridi na nyepesi. Nilichukua moja bila kuchagua, nikafungua kiganja. Nyekundu.

Watu waliguna. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu tena, na sikuweza kujizuia. Chunguni zilibaki punje nane, nyekundu mbili. Ile nusu ilikuwa imekwisha. Sasa tungetengana kwa mara tatu katika nne, na hakukuwa na namna hata moja iliyobaki ya kubaki wote.

Nilimshika mama mkwe kiwiko nikampeleka. Alitia mkono, akauacha ndani kwa muda, kisha akautoa umefumbwa. Balozi alisogea.

"Wewe ngoja," mama alimwambia. Akanigeuzia mimi kiganja. "Niambie wewe."

Nilitazama. "Nyeupe, mama."

"Nyeupe kweli?"

"Nyeupe."

Akafumba tena kiganja. Nilimrudisha kwenye kiti chake, nikasimama nyuma yake, na kwa muda mrefu sikufuatilia yaliyokuwa yakiendelea. Nilikuwa nikitazama kisogo chake na kitambaa alichofunga, nikijiuliza nani atakayejua kwamba kitambaa hicho hufuliwa Alhamisi ili kiwe safi Ijumaa. Nyekundu ya pili ilitoka kwa mzee mmoja wa katikati ya mstari. Alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini akaenda kukaa peke yake.

Punje zilipobaki mbili, jirani, aliyekuwa amewapisha wengine mpaka hapo, alitia mkono. Alifungua kiganja akakitazama kama kitu kilichotambaa. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, mtoto akianza kulia mgongoni.

"Maji," alisema. Hakuwa akisema na mtu. "Hawa nitawapa maji gani kule?"

Mtumishi wa tarafa aliinamia karatasi zake. Mama mkwe alinigusa.

"Huyo ni njugu mawe?"

"Ndiye, mama."

"Nipeleke."

Nilimpeleka. Alisimama mbele ya jirani, akamtafuta kwa mkono mpaka akagusa kichwa chake.

"Wewe mwenye mdomo. Leo umekwisha?"

"Niache leo, bibi. Leo sina utani."

"Nami sina. Lete hiyo yako, chukua hii."

Jirani hakuelewa. Mama mkwe alifungua kiganja, na punje nyeupe ilikuwa imegandama kwa jasho. "Chukua kabla haijaota. Mimi kwa siku nakunywa kata moja na inabaki. Wewe una midomo nyumba nzima."

"Bibi, kule ni porini."

"Mwanangu, hata hapa mimi sijapaona."

Balozi alimtazama mtumishi wa tarafa. Mtumishi alifikiri, kalamu hewani. Utaratibu haukusema lolote kuhusu kubadilishana, alisema, kwa sababu aliyeuandika hakutarajia mtu mwenye nyeupe aitoe. Ila nyumba zitakazohama bado ni tatu. Kama wenye nyumba wote wawili wamekubali mbele ya watu, ataandika hivyo. Akamuuliza mama mkwe kama anakubali kwa hiari yake. Mama akasema ndiyo. Akamuuliza jirani, naye akaitikia kwa kichwa.

Mimi pia sikuwa nimelitarajia jambo hilo. Katika hesabu zangu zote, mtu aliyechaguliwa alikuwa amechaguliwa na jambo limeisha. Niliyarudia kichwani nikiwa nimesimama pale. Nyumba nyingine sita hazikuguswa. Hakuna aliyeongezewa hata namna moja. Walioguswa ni wawili tu, na wote wawili walikuwa wamefungua viganja vyao wenyewe. Nilitafuta mgongo uliobebeshwa bila kujua, nikaukosa.

Njiani kurudi nyumbani nilimshukuru. Nilitumia maneno mengi, na alinikatiza.

"Sikukufanyia wewe. Usijivike. Nilikaa pale nikawaza nani ataniletea maji, nikaona nitaletewa na kila mtu, leo huyu, kesho yule, na kila mmoja ataniambia pole. Sitaki pole za watu wote hao. Za kwako nimeshazizoea."

Lori lilikuja baada ya Ijumaa. Jirani alikuja alfajiri akatusaidia kufunga mizigo, akamfunga mama mkwe kanga kiunoni ili asianguke, akamtukana vizuri mpaka mama akaridhika. Alininong'oneza kwamba mihogo yangu ataichimba ikaushwe, naye atatuma makopa yake kila atakapopata mtu anayekuja huko. Aliyatuma kweli, mara kwa mara, mpaka yalipokwisha. Mume wangu tulimpelekea habari Korogwe kwa mdomo wa dereva, na ilipomfikia tulikuwa tumeshafika.

Lori lilitushusha mahali palipokuwa na mti mmoja uliopigwa chokaa na nyasi ndefu kuliko mimi. Nyumba zilizokuja kutoka kwa mabalozi wengine zilikuwa zimetawanyika, kila moja ikikata nyasi zake. Kisima hakikuwapo bado. Walituonyesha kwa kidole upande wa korongo, kwamba ukichimba mchanga kwa mkono maji yanatoka.

Nilimkalisha mama mkwe juu ya godoro la majani, nikachukua ndoo nikaenda. Maji nilikuta, machache, ya rangi ya chai. Lakini nilipogeuka kurudi sikuona njia. Nyasi zilikuwa zimejifunga nyuma yangu, jua lilikuwa utosini, na kila upande ulifanana na mwingine. Nilisimama na ndoo kichwani. Niliogopa kuita, kwa sababu angejua kwamba nimepotea.

Ndipo nikasikia sufuria ikipigwa. Pigo moja, kimya, pigo jingine. Alikuwa ameipata kwenye mizigo kwa kupapasa, na alikuwa akiigonga kwa mwiko, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba aliyekwenda majini hana macho ya huko. Niligeuza uso upande wa mlio huo nikaanza kutembea, nikizitenganisha nyasi kwa mkono mmoja.